Mwalimu, Nesi na Deni la Miaka Ishirini

Paliondokea mwalimu na nesi, majirani wa mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Walipanga nyumba moja: mwalimu na familia yake vyumba viwili vya mbele, nesi na wanawe viwili vya uani. Kila baada ya miezi sita mwenye nyumba alipita kuchukua kodi, na kila alipoondoka majirani hawa waliambiana neno lile lile: ipo siku tutahamia kwetu.

Wawili hawa nimewatunga mimi, wajukuu zangu, msije mkaenda Morogoro kuwatafuta. Lakini hesabu zao ni za kweli, na yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuzipiga upya akapata majibu haya haya. Nataka mzisikie mapema, kabla hamjaanza kushika mshahara, maana watu wazima wengi hukutana nazo wakiwa wameshatia saini.

Watu wengi nchini kwetu hawakopi benki ili wapate nyumba. Hununua kiwanja, wakafyatua matofali, wakajenga kwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta. Ikifika kwenye lenta fedha imekata, na majani yanaota sebuleni mpaka siku ya kupaua ifike. Si kwamba hawapendi haraka. Kwa miaka mingi mkopo wa nyumba ulikuwa adimu. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifungwa mwaka 1995, na baada yake mfanyakazi wa kawaida hakuwa na mlango wa kubisha. Ndipo ikaja sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayozipatia benki fedha za muda mrefu ili nazo ziweze kumkopesha mtu kwa miaka 15 au 20.

Mwalimu na nesi wakapita mlango huo. Kila mmoja alikuwa ameweka akiba miaka mingi hadi akafikisha shilingi milioni 10. Wakapata nyumba mbili zinazofanana huko Kihonda, mjini hapo hapo, kila moja milioni 50. Milioni 10 wakatoa wenyewe, milioni 40 ikatoa benki. Riba ilikuwa asilimia 15 kwa mwaka, na muda wa kulipa miaka 20. Nyumba zenyewe ziliwekwa rehani: hati zikabaki benki, na atakayeshindwa kulipa nyumba yake ingeweza kupigwa mnada. Wakatia saini siku moja, kwa kalamu moja.

Afisa mikopo akawaambia, "Rejesho lenu la kila mwezi ni shilingi 526,716."

Mwalimu akapima mshahara wake na wa mkewe, akaona wanaweza, akashukuru akatoka. Nesi naye aliona anaweza, lakini akauliza, "Samahani kaka, naomba jedwali la marejesho yote, tangu la kwanza hadi la mwisho." Akachapiwa karatasi zenye mistari 240, mstari mmoja kwa kila mwezi. Usiku, watoto walipolala, akazitandaza mezani akasoma.

Tusimame hapa kidogo tusome naye. Mstari wa kwanza ulikuwa hivi: rejesho 526,716, riba 500,000, deni lililopungua 26,716, salio 39,973,284.

Umeona? Mtu katoa zaidi ya laki tano, na deni limepungua kwa elfu ishirini na sita na kitu. Laki tano nzima imekwenda kwenye riba. Nesi alidhani karatasi imekosewa. Akachukua simu, akapiga hesabu mwenyewe. Asilimia 15 ya mwaka, ukiigawa kwa miezi 12, ni asilimia 1.25 kwa mwezi. Asilimia 1.25 ya milioni 40 ni 500,000 kamili. Karatasi haikukosea.

Akasoma mstari wa pili: riba 499,666; deni lililopungua 27,050; salio 39,946,234. Riba imeshuka kwa shilingi 334 tu, kwa sababu salio nalo limeshuka kidogo tu. Kila mwezi riba inapungua chembe, na sehemu inayolipa deni inaongezeka chembe hiyo hiyo. Akafunua hadi mstari wa 120, yaani mwisho wa mwaka wa kumi. Kufikia hapo mkopaji atakuwa ameshalipa zaidi ya milioni 63, na salio bado ni milioni 32.6. Akafunua hadi mwisho, akajumlisha yote: milioni 126.4 kwa mkopo wa milioni 40.

Najua mmoja wenu anataka kuuliza kama benki imewaibia. Hapana. Benki imetoa fedha nyingi kwa mkupuo, imezisubiri miaka 20, na imeandika masharti yake wazi. Kinachoifanya riba iwe kubwa hivyo ni muda. Kila mwezi benki inaangalia salio lililobaki, inalipigia asilimia 1.25, inachukua riba yake kwanza, na kinachobaki ndicho kinachopunguza deni. Salio likikaa juu miaka mingi, riba nayo inakaa juu miaka mingi. Hiyo ndiyo kanuni nzima, na ndani yake mna njia ya kutokea: ukilishusha salio leo, unashusha riba ya kesho, ya keshokutwa, na ya kila mwezi hadi mwisho.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walisema pia dawa ya deni ni kulipa. Nesi alizijua methali zote mbili. Kilichokuwa kigeni kwake ni kile alichokigundua usiku ule: shilingi anayoilipa juu ya rejesho haigawanywi. Riba ya mwezi ule imeshachukuliwa kwenye rejesho la kawaida, kwa hiyo ziada yote, hadi senti ya mwisho, inakwenda kwenye deni.

Akajiuliza, je, nikiongeza shilingi 50,000 kila mwezi? Nusu yake aliijua itakakotoka: zamu za mchana angetembea hadi kituo cha daladala badala ya kuita bodaboda. Nusu nyingine ingetoka kwenye posho ya zamu za usiku. Akachukua daftari la mwanawe, akachora jedwali lake mwenyewe. Mwezi wa kwanza deni litapungua kwa 76,716 badala ya 26,716. Yaani kwa kuongeza sehemu ndogo tu ya rejesho, mwendo wa kupunguza deni unakuwa karibu mara tatu. Akaendelea kujaza mistari hadi macho yakamuuma, na asubuhi akajua jibu: akilipa 576,716 kila mwezi bila kukosa, deni la miezi 240 litaisha mwezi wa 163.

Kuna jambo lingine aliliona, na hili naomba mlishike sana. Elfu 50 ya ziada inayolipwa mwezi wa kwanza inaondoa deni ambalo lingezaa riba miezi 239. Ukiipigia hesabu hadi mwisho wa miaka 20, elfu 50 hiyo moja inafuta takriban shilingi 973,000. Elfu 50 ile ile ikilipwa mwaka mmoja kabla ya deni kuisha, inafuta kama 58,000 tu. Noti ni ile ile, benki ni ile ile. Kilichobadilika ni siku ya kuilipa. Ndiyo maana anayengoja hadi mshahara upande sana ndipo aanze kuongeza, anakuwa ameacha miezi yenye faida kubwa kuliko yote ipite bure.

Hata hivyo nesi hakukimbilia kumimina kila alichonacho benki. Kazi yake ilimfundisha kwamba ugonjwa haupigi hodi. Kabla hata ya kuhamia Kihonda alikuwa ametenga akiba ya marejesho matatu, kama milioni 1.6, kwenye akaunti ya peke yake. Sababu ni nzito: fedha uliyolipia deni la nyumba hairudi. Huwezi kwenda dirishani mwaka unaofuata ukasema nipeni ile ziada yangu, mtoto anaumwa. Ukiwa umeimaliza yote kwenye deni kisha mshahara ukachelewa, utakosa rejesho, utatozwa faini, na huenda ukalazimika kukopa kwingine kwa riba kali zaidi. Akiba kwanza, ziada baadaye.

Akarudi kwa afisa mikopo. "Kaka, nataka kila mwezi niongeze elfu hamsini. Itafanya kazi gani?"

Afisa akamjibu kwa uungwana, "Inategemea dada umeagiza nini. Usiposema kitu, mfumo unaweza kuihesabu kama malipo ya awali ya mwezi ujao. Au tunaweza kupunguza deni kisha tukakushushia rejesho. Au tunapunguza deni, rejesho linabaki lile lile, muda ndio unaopungua."

"Hiyo ya tatu."

"Basi andika barua."

Akaandika, akapeleka nakala mbili, moja ikagongwa muhuri akabaki nayo. Na kila baada ya miezi mitatu aliomba taarifa ya mkopo, akalinganisha salio la benki na salio la daftari lake. Msione kwamba ni usumbufu. Ziada isiyo na maelekezo inaweza kukaa tu kwenye akaunti, na wewe huku unaamini deni linapungua.

Miaka ikaenda. Mwalimu alilipa rejesho lake kila mwezi bila kukosa, na naomba msimdharau, maana kulipa deni bila kuchelewa ni uungwana mkubwa. Nesi naye alilipa rejesho na ziada yake. Katikati ya mwaka wa tano mwanawe mdogo akahitaji kufanyiwa upasuaji. Akachota laki tatu kwenye akiba. Mtoto akapona. Nesi akasimamisha ziada kwa miezi sita, ile elfu 50 akawa anairudisha kwenye akiba hadi laki tatu ikatimia, kisha akaendelea na mpango wake. Benki haikumtoza kitu, kwa sababu ziada ilikuwa hiari yake. Rejesho lenyewe hakuligusa. Miezi sita ile ilimchelewesha kumaliza deni kwa miezi miwili tu.

Mwisho wa mwaka wa kumi majirani hawa walikaa barazani kwa nesi wakinywa chai, na mwalimu akaja na taarifa yake ya mkopo. Salio lake lilikuwa milioni 32.6. Nesi akamwonyesha yake: milioni 19.5.

"Nesi, tulikopa siku moja."

"Siku moja, Mwalimu. Mimi niliongeza elfu hamsini."

"Elfu hamsini ndiyo ishushe milioni kumi na tatu?"

Nesi akaleta daftari. Ziada zote alizotoa miaka ile kumi zilikuwa milioni 5.7. Zilizobaki kufikia milioni 13 ni riba ambayo haikupata salio la kupigwa juu yake. Mwalimu alipomaliza kusoma akauliza swali la maana kuliko yote: "Na mimi nikianza sasa, nitakuwa nimechelewa?"

Wakapiga hesabu pamoja. Akianza kuongeza elfu 50 mwaka wa kumi na moja, miezi 120 iliyobaki itakuwa 99, na ataokoa kama milioni 6. Si karibu milioni 32 atakazookoa nesi, lakini ni milioni 6 na ni miezi 21 ya uhuru. Mwezi uliofuata mwalimu akaandika barua yake.

Nesi alimaliza mwezi wa 165, yaani miaka 13 na miezi 9 tangu siku ya saini. Jumla alilipa kama milioni 94.5, pungufu kwa karibu milioni 32 ya ile milioni 126.4 ya jedwali la kwanza. Ziada zote alizotoa, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, hazikufika milioni 8. Na tangu hapo ile 576,716 ya kila mwezi ikabaki mikononi mwake. Kwa miezi 75 ambayo jedwali la kwanza lilikuwa bado linamdai, hata kama angeiweka tu bila faida yoyote, ingefikia milioni 43.

Lakini hakulala siku ile ya rejesho la mwisho. Aliomba barua ya benki inayothibitisha kwamba deni limekwisha, akadai hati yake, na akahakikisha rehani imefutwa kwenye daftari la Msajili wa Hati. Kuna watu wanaomaliza deni wakasahau hatua hii. Miaka baadaye wanapotaka kuuza au kurithisha, daftari bado linasema nyumba imefungwa na benki.

Sasa nisiwadanganye kwamba njia ya nesi inafaa kila mtu na kila deni. Kuna mambo manne ya kutazama kwanza.

La kwanza, madeni mengine. Mwenye mkopo wa simu au ile mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu asiongeze hata shilingi kwenye nyumba kabla hajaimaliza hiyo. Riba kali ndiyo inayouawa kwanza.

La pili, namna riba inavyopigwa. Hadithi yangu yote imesimama juu ya riba inayopigwa kwenye salio linalopungua. Ipo mikopo ambayo riba yake hupigwa mara moja tu, kwa mkopo wote na kwa muda wote, siku ya kwanza. Kwa mkopo wa namna hiyo kulipa mapema huenda kusikupunguzie kitu, isipokuwa mkataba useme utasamehewa riba ya miezi isiyofika.

La tatu, faini ya kuwahi. Baadhi ya mikataba inamtoza mkopaji anayelipa kabla ya muda. Ndugu zetu walioko Uingereza wanalijua hili vizuri: kule mikataba mingi ya nyumba yenye riba isiyobadilika huruhusu kulipa ziada hadi asilimia 10 ya deni kwa mwaka, na ukizidi hapo unatozwa. Kwa hiyo mkopaji wa huko hupima ziada yake isivuke mstari huo, au hungoja kipindi cha riba hiyo kiishe.

La nne, kazi nyingine ambayo fedha hiyo ingeweza kufanya. Kulipa deni la asilimia 15 ni sawa na kupata faida ya asilimia 15 isiyo na wasiwasi. Akaunti za kawaida za akiba hazitoi faida kama hiyo. Lakini zipo nyakati ambapo mizani inakaribiana: mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilianza kuuza, kupitia Benki Kuu, hati fungani za miaka 25 zenye riba ya asilimia 15.95. Mtu mwenye deni la asilimia 15 aliyeamua kuweka ziada yake huko hakuwa amekosea hesabu. Kinachotakiwa ni kulinganisha, riba unayolipa na faida unayoweza kupata kwa uhakika, ndipo uchague. Nesi alichagua deni, kwa sababu alitaka hati yake irudi nyumbani na alitaka kustaafu bila kudaiwa. Hiyo nayo ni sababu halali.

Ninyi bado hamna nyumba wala deni, lakini kazi ya nesi mnaweza kuifanya leo jioni. Chukua daftari, chora safu nne: mwezi, riba, deni lililopungua, salio. Andika mkopo wowote juu kabisa, pamoja na riba na rejesho lake. Zidisha salio kwa riba ya mwezi, toa jibu hilo kwenye rejesho, kinachobaki kipunguze kwenye salio, shuka mstari wa pili. Jaza mistari 12. Kisha rudia ukiwa na ziada kidogo, uone mistari inavyoanza kuachana tangu mwezi wa kwanza. Ni kuzidisha na kutoa tu, hesabu ambayo mlishafundishwa shule ya msingi.

Na ikifika siku ya kukopa kweli, ombeni jedwali lote la marejesho kabla ya kushika kalamu, ulizeni ziada itahesabiwaje, na jibu mlipewe kwa maandishi. Kisha anzeni na ziada ndogo mnayoimudu mwezi ule ule wa kwanza.